Gitaa Linalokanyagwa: Chuma Gani Kiende Wapi?

Msikilizaji wa nyimbo za kantri, zile nyimbo za mashambani za Marekani ambazo redio za Afrika Mashariki zimezipiga kwa miaka mingi, anaifahamu sauti moja inayoteleza nyuma ya mwimbaji. Hupanda bila ngazi na kushuka bila ngazi, mithili ya mtu anayelia huku amejizuia. Wengi hudhani ni fidla, wengine hudhani ni kinanda. Kumbe hutoka katika gitaa lisilofanana na gitaa. Ni kama meza nyembamba yenye miguu minne, nyuzi kumi zimelazwa juu yake, na mpigaji huketi mbele yake kama mshonaji mbele ya cherehani. Mkono wa kulia hudonoa nyuzi, mkono wa kushoto hutelezesha mche wa chuma juu ya nyuzi hizo, miguu hukanyaga pedali, na magoti husukuma nyenzo zinazoning'inia chini ya meza.

Wenyewe huliita gitaa la stili lenye pedali. Jina hilo la stili, yaani chuma cha pua, halikutokana na mwili wa gitaa bali na ule mche wa mkono wa kushoto. Asili yake inahusishwa na Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Laie, kisiwa cha Oahu, huko Hawaii. Kijana huyo, angali mwanafunzi, alitambua kwamba uzi wa gitaa ukiguswa kwa kipande cha chuma badala ya kubanwa kwa kidole hutoa sauti inayoteleza. Mwaka 1904 aliondoka kwao akaenda Marekani bara, na baadaye Ulaya, akipiga na kufundisha mtindo huo.

Pedali zilikuja baadaye sana, na zilikuja kwa sababu ya upungufu wa mche. Mche ulionyooka hugusa nyuzi zote katika mstari mmoja. Ukisogea, nyuzi zote hupanda au kushuka pamoja. Mpigaji aliyetaka uzi mmoja upande peke yake na mingine ibaki palepale hakuwa na njia. Mwaka 1948 fundi wa California aitwaye Paul Bigsby alimtengenezea mpigaji Speedy West gitaa lenye pedali. Mwaka 1954 wimbo wa Webb Pierce uitwao Slowly, ambamo Bud Isaacs alikanyaga pedali wakati nyuzi zingali zinalia, uliwashangaza wapigaji wa Nashville kiasi kwamba kila mmoja alitaka gitaa la namna ile. Hata Afrika lilifika: Demola Adepoju wa Nigeria alilipiga katika bendi ya King Sunny Adé, na sauti yake imo katika sahani ya Juju Music ya mwaka 1982.

Inafaa kukumbukwa kwamba Bigsby hakuwa seremala wa magitaa. Alikuwa fundi wa vielelezo vya kusubia vyuma, na kabla ya hapo alisimamia karakana ya kutengenezea pikipiki. Hilo si ajabu, kwa maana gitaa hili ni mashine kabla ya kuwa ala ya muziki. Ubao wake ni vipande vichache tu. Vyuma vyake ni mamia.

Gitaa jipya la namna hii huuzwa kwa maelfu ya dola, na ndiyo maana tangu zamani wapo wapigaji wa Marekani ambao huamua kuliunda wenyewe nyuma ya nyumba zao, kwa keekee, tupa, jiliwa na, kwa aliyejaliwa, mashine ya kukereza. Kazi hiyo huchukua miezi. Balaa lake ni kwamba kosa la kuchagua metali halionekani wakati wa kazi. Vipande vyote hung'aa, parafujo zote huingia, gitaa husimama kwa miguu yake minne. Kosa hujitokeza siku nyuzi zinapokazwa, na siku hiyo fedha zimekwisha tumika.

ROBO TATU YA MILIMITA

Nyuzi kumi zikishakazwa hadi kufikia sauti zake huvuta kwa pamoja kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 120. Ni kama kuning'iniza mifuko miwili ya saruji na zaidi kati ya ncha mbili za gitaa, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Huo ndio upande mmoja wa mambo.

Upande wa pili ni huu. Chukua uzi wa tatu, ambao ndio mwembamba kuliko yote. Unene wake ni kama milimita 0.28. Ili sauti yake ipande nusu toni, pedali huuvuta kwa takriban robo tatu ya milimita tu. Basi! Mguu wa mtu mzima unakanyaga, ufito unavutwa, mhimili unazunguka, mkono mdogo wa chuma unasukuma, na mwisho wa safari hiyo ndefu uzi umesogea chini ya milimita moja. Ikiwa kiungo chochote njiani kimelegea au kupinda kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, sikio la mpigaji litaumia.

Kwa hiyo fundi haulizi kama chuma fulani kitavunjika. Karibu hakuna kitakachovunjika isipokuwa uzi wenyewe. Anachouliza ni kiasi gani kitapinda, na baada ya kupinda au kuzunguka, kama kitarudi palepale kilipotoka. Gitaa lisilorudi palepale ni kama bunduki ambayo shabaha yake huhama kila baada ya risasi moja. Uzuri wa kitako chake haumsaidii mtu.

KIKAANGO CHA LOS ANGELES

Somo la kwanza kuhusu metali lilipatikana hata kabla ya pedali kuenea. Mwaka 1932 kampuni ya Los Angeles iliyokuja kujulikana kwa jina la Rickenbacker ilianza kuuza gitaa la umeme la kupigiwa mapajani, ambalo mwili na shingo yake vilikuwa kipande kimoja cha alumini iliyosubiwa. Kwa umbo lake, duara lenye mkono mrefu, watu waliliita Kikaango. Lilikuwa miongoni mwa magitaa ya kwanza ya umeme kuuzwa duniani, na sauti yake ilisifiwa. Lakini chini ya taa kali za jukwaani alumini ilitanuka na nyuzi zikapoteza sauti zake katikati ya onyesho. Mwaka 1935 kampuni hiyo ikatoa gitaa jingine lililoundwa kwa bakelaiti.

Hesabu yake si ngumu. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma ambacho nyuzi hutengenezwa kwacho. Bamba la alumini lenye urefu wa sentimita 61, ambao ndio urefu wa nyuzi katika magitaa mengi ya pedali, likitoka digrii 18 za alfajiri hadi digrii 32 za mchana hurefuka kwa sehemu mbili za kumi za milimita. Msomaji akumbuke ile robo tatu ya milimita iliyotajwa juu, ataona mara moja ukubwa wa jambo hili. Wapiga tarumbeta wa bendi za majeshi nao wana taabu inayofanana na hiyo: tarumbeta iliyolala nje hulia chini kidogo asubuhi, kisha hupanda inapopata joto la pumzi, ingawa kwao sababu ni hewa iliyomo ndani wala si shaba yenyewe.

Kwa ajili hiyo mwili wa gitaa la pedali umebaki kuwa wa mbao kwa mafundi walio wengi, hasa mbao ngumu ya mepoli, mti wa nchi za baridi. Mbao haisumbuliwi sana na joto kwa urefu wake. Adui yake ni unyevu, na huo huipanua kwa upana zaidi kuliko urefu. Alumini huwekwa kwenye ncha mbili, katika mabamba yanayoshika miguu na kubeba mihimili. Katika shingo mafundi hugawanyika. Wapo wanaotaka shingo ya alumini, wakisema hutoa sauti kali yenye kung'aa, na wapo wanaotaka ya mbao, wakisema hiyo ndiyo yenye joto la moyo. Wote wawili wametoa magitaa mazuri. Hata hivyo, kwa mtu anayeishi mahali ambapo jua la saa saba mchana na baridi ya saa kumi usiku hazijuani, mbao humpunguzia kazi ya kulinganisha nyuzi kila mara.

VIDOLE NA MHIMILI WAO

Kiini cha gitaa lote ni kifaa kilicho upande wa mkono wa kulia, ambacho hubadilisha sauti ya nyuzi. Kila uzi una kidole chake cha metali, kilichopinda juu mithili ya kidole cha mtu anayeita, na vidole vyote kumi vimetungwa katika mhimili mmoja. Kidole kikisukumwa upande mmoja uzi hukazika na sauti hupanda. Kikiachiwa upande wa pili uzi hulegea na sauti hushuka.

Vidole hufanywa kwa alumini, tena si alumini yoyote. Ile ipendwayo na wengi hujulikana kwa namba 6061. Imechanganywa na magnesi na silikoni, kisha ikapitishwa katika joto ili ikaze. Huchongeka vizuri, haishiki kutu nyekundu, na ni nyepesi, kiasi kwamba kidole huitika upesi kinapovutwa. Mhimili wake huwa wa chuma cha pua kilichokazwa na kusuguliwa mpaka kikawa laini kama kioo.

Kwa nini visiwe vya metali moja? Hapa ndipo wengi wanaojifunza huteleza. Mtu hujiambia: chuma kisichoshika kutu ni bora, basi nifanye vyote kwa hicho. Akiisha kufanya hivyo, baada ya muda vidole huanza kukwama. Metali mbili za aina moja zikisuguana kwa nguvu zina tabia ya kuumana: chembe za hii hushikana na chembe za ile, zikang'oana, na palipokuwa laini pakawa na makovu. Alumini juu ya alumini huumana upesi. Chuma kisichoshika kutu juu ya mwenziwe huumana pia, na fundi yeyote aliyewahi kukaza nati ya chuma hicho pasipo grisi halafu ikakataa katakata kufunguka, anayajua haya bila kuelezwa. Watengeneza saa walilitambua jambo hili karne nyingi zilizopita. Ukiifungua saa ya mezani ya zamani utakuta mihimili ya chuma inazunguka ndani ya mabamba ya shaba ya njano. Kimoja kigumu, kingine laini kidogo, tone la mafuta katikati.

Mhimili nao lazima uwe mnene. Mwembamba huinama katikati chini ya mvuto wa nyuzi, na vidole vya katikati vikainama pamoja nao. Ubaya wa kuinama huku ni kwamba hakuonekani kwa macho; husikika tu.

Juu ya kichwa cha kila kidole, mahali uzi unapojipinda, alumini huchimbika mfereji mdogo baada ya miaka ya kupigwa. Mfereji huo hufanya uzi utoe mlio wa nyuki, na tena hukata uzi. Uzi wa tatu ndio wenye kuteseka zaidi, kwa sababu hata kabla ya pedali kukanyagwa tayari umevutwa karibu na kikomo cha uwezo wa chuma chake. Dawa ni kuondoa nyuzi na kung'arisha vichwa vya vidole kwa msasa mwembamba kabisa, taratibu, kwa kufuata mviringo wake. Kidole cha metali ngumu zaidi kisingechimbika upesi, ni kweli, lakini kingekuwa kizito, na mafundi wengi wameona afadhali kung'arisha mara moja kwa miaka kadhaa.

Upande wa kushoto, karibu na vishikio vya kukazia nyuzi, kila uzi hupita juu ya kigurudumu kidogo chenye mfereji. Kigurudumu kinahitajika kwa kuwa uzi husogea kila pedali ikanyagwapo. Ungepita juu ya ukingo usiozunguka ungekwama na kurudi nusu njia. Shaba ya njano hufaa hapa, ikizunguka juu ya kijiti cha chuma. Wanajeshi wataitambua metali hii, maana vifungo vya sare na maganda ya risasi ni ndugu zake. Ila ndugu si pacha: shaba ya maganda, yenye takriban sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki, ilikusudiwa kuvutika bila kupasuka, na ukiikereza hunatanata kwenye kisu. Shaba ya fito za kukereza huongezwa risasi kidogo ili ikatike kwa vipande vifupi na kuacha uso safi. Anayenunua aulize.

MIHIMILI YA TUMBONI

Gitaa likipinduliwa, tumbo lake huonekana kama chini ya gari. Mihimili kadhaa huvuka kutoka upande hadi upande, mmoja kwa kila pedali na mmoja kwa kila wenzo wa goti. Juu ya mihimili hiyo hufungwa mikono midogo, na kutoka kila mkono hutoka ufito mwembamba unaokwenda kuvuta kidole.

Mhimili wa namna hii haupindi kama ubao wa daraja. Hujisokota kama kamba. Mguu huuzungusha upande mmoja, uzi huukatalia upande mwingine, na sehemu iliyo kati yao husokotwa. Sasa alumini, kwa unene uleule, hujisokota mara tatu zaidi ya chuma cha pua. Kwa maelezo hayo mtu angesema alumini itupwe. Lakini maumbile yana hisani yake: ukakamavu wa ufito dhidi ya kusokotwa huongezeka upesi mno unene unapoongezeka. Ufito wa alumini ukiongezwa unene kwa theluthi moja tu hulingana na ule wa chuma, na bado uzito wake unakuwa kama tatu ya tano za uzito wa chuma. Kwa gitaa la shingo mbili, ambalo likiwa ndani ya sanduku lake huweza kuzidi kilo 30, na mpigaji hulibeba mwenyewe ngazi juu ngazi chini, hiyo si faida ndogo.

Aghalabu mihimili hii haiwi ya mviringo. Mafundi hupenda ya pembe sita au pembe nne, kwa maana mkono uliofungwa kwa parafujo moja juu ya ufito wa mviringo siku moja utateleza, na siku hiyo huwa siku ya harusi ya watu. Penye pembe mkono hauna pa kwenda. Ncha za mihimili huzunguka ndani ya vikombe vya shaba ya njano au vya nailoni ngumu. Msomaji asishangae kusikia nailoni katika habari za metali. Ncha za fito za kuvutia pia huwekewa nati za nailoni, na hizo ndizo zinazogeuzwa wakati wa kurekebisha sauti ya kila pedali. Chuma kikigusa chuma mahali palipolegea hugongana na kuzomea; nailoni hukaa kimya.

Fito zenyewe zina unene wa kama milimita mbili hadi tatu, na kwa hizo chuma kisichoshika kutu ndicho chaguo, pasipo mjadala. Jambo la kuangalia ni unyofu. Ufito uliopinda kidogo hunyooka kwanza unapovutwa, na wakati huo wote mguu unakwenda bure. Ukinunua, uviringishe ufito juu ya kioo cha dirisha kilicholazwa mezani. Ukicheza-cheza, urudishe dukani.

ALUMINI YA SUFURIA NA ALUMINI YA BAMBA

Mabamba ya ncha, pedali na fremu ya kifaa cha vidole vinaweza kusubiwa katika kalibu ya mchanga au kuchongwa kutoka katika bamba nene. Afrika Mashariki ina mafundi hodari wa kusubu. Sufuria nzito na miiko mingi ya alumini hutoka mikononi mwao, kutokana na vyuma chakavu vilivyoyeyushwa. Kwa sufuria njia hiyo haina lawama. Kwa gitaa inataka tahadhari kubwa, kwa sababu alumini chakavu huwa mchanganyiko wa kila kitu: pistoni, fremu za madirisha, vyombo vya jikoni. Tena ikimiminwa ikiwa na hewa hupoa na matundu madogo ndani. Bamba lenye matundu hukubali keekee vizuri upande mmoja, na upande wa pili meno ya parafujo hung'oka kama mahindi mabichi. Bigsby alisubu, na kazi zake zinathaminiwa hadi leo, lakini huyo alikuwa fundi wa vielelezo aliyejua anamimina nini. Asiye na ujuzi huo na anunue bamba lenye namba.

Iepukwe kabisa metali ile nyepesi ya kijivu iliyosubiwa kwa zinki, inayotumika katika vitasa vya bei rahisi na vifaa vya kuchezea watoto. Huvutia kwa kuwa hujaza kalibu upesi na hupakwa kromu ikapendeza. Hata hivyo zinki ikibebeshwa mzigo usiokoma hulegea polepole, mwezi baada ya mwezi, pasipo kuvunjika wala kutoa ishara. Kisha huvunjika. Magitaa kadhaa ya miaka ya nyuma yalitiwa vipande vya namna hiyo kwa kubana matumizi, na wanaoyakarabati leo huanza kwa kuviondoa.

KUTU ISIYO NYEKUNDU

Kwa wakazi wa pwani na kandokando ya maziwa kuna adui mwingine. Parafujo ya chuma cha kawaida ikikazwa ndani ya bamba la alumini, na unyevu wenye chumvi au jasho la mikono ukaingia katikati, metali hizo mbili huwa kama betri ndogo. Alumini huliwa. Unga mweupe hutokea kuzunguka parafujo, na baada ya miaka michache parafujo haifunguki tena. Ikilazimishwa hutoka na bamba. Mwenye pikipiki ya zamani amekwisha kuuona unga huo.

Parafujo za chuma kisichoshika kutu hazina kutu nyekundu, lakini hazimalizi tatizo la unga, kwa kuwa nazo ni metali tofauti na alumini. Kinga ni grisi kidogo kwenye meno yake kabla ya kukaza, na kufuta gitaa kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga. Wengine huipa alumini ngozi ngumu kwa njia ya umeme, ngozi ambayo hata rangi hushika vizuri. Ni kinga nzuri, ila ngozi hiyo haipitishi umeme. Nyuzi hutakiwa kuungana na waya wa ardhi kupitia vidole na fremu, la sivyo kipaza sauti kitavuma mfululizo. Basi mahali pa kuunga waya pakwanguliwe mpaka alumini tupu ionekane.

Springi zinazorudisha vidole na nyenzo ziwe za waya wa chuma cha pua uliotengenezwa mahususi kwa springi, wala zisikatwe kutoka katika kitu kingine. Chini ya nyuzi hukaa sumaku zinazonasa sauti. Nyingi kati ya hizo ni mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti, ile kobalti ambayo sehemu kubwa ya ile inayotumika duniani huchimbwa Kongo. Karibu nazo kusiwe na bamba la chuma linalotikisika, kwani sumaku itanasa na mtikisiko wake.

UBISHI WA SAUTI

Wapigaji hubishana bila kuchoka kuhusu sauti ya kila metali. Huyu atasema shaba ya njano huipa sauti uzito, yule atasema mihimili ya chuma huiua. Baadhi ya maneno hayo yana ukweli, kwani kila kitu kinachogusa uzi hunyonya sehemu ya mtikisiko wake na kurudisha sehemu. Lakini mara nyingi kinachosifiwa kuwa ni metali, kwa hakika ni mkao wake. Kidole cha alumini kilichokaa barabara juu ya mhimili laini kitaimba kuliko kidole cha metali ya thamani kilicholegea. Anayeunda gitaa lake la kwanza na apeleke fedha zake kwenye mhimili na vidole, abane matumizi kwenye miguu, ambayo bomba la chuma lililopakwa kromu huitosha, na ubishi wa sauti awaachie waliokwisha kuunda matano.

Mche wa mkononi ndio pekee usiotaka kubaniwa. Wa kawaida una unene wa kama sentimita mbili na urefu wa sentimita nane na kitu, ncha yake moja imeviringwa kama risasi. Uzito wake ndio huutuliza juu ya nyuzi. Uliotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, mzima ndani na nje, ni bora kuliko uliopakwa kromu juu, kwa sababu kromu ikibanduka hata kidogo hukwaruza kila uzi inaoupitia.

Siku nyuzi zinapokazwa kwa mara ya kwanza, fundi mwenye uzoefu hapigi wimbo. Hulinganisha nyuzi zote kumi na kuziacha usiku kucha ili mwili uzoee mzigo. Asubuhi hulinganisha tena, kisha huutazama uzi wa nne, ambao pedali mbili za kwanza haziugusi. Huudonoa na kuangalia sindano ya kipima sauti. Halafu huzikanyaga pedali hizo mbili kwa pamoja. Nyuzi nne nyingine zinapokazwa, mzigo wa karibu kilo 8 huongezeka ghafla, mwili hujikunja chembe, na uzi wa nne, ambao haukuguswa na mtu, hushuka kidogo. Katika kila gitaa hushuka. Sindano ikitikisika tu na kurejea mahali pake mguu unapoinuliwa, kazi imefaulu. Ikishuka sana, au isiporudi, fundi hulegeza nyuzi, hulipindua gitaa, huchukua bisibisi na kuanza kukagua kutoka kwenye mhimili wa vidole.